Mkono Katika Mashine ya Lodwar

Jumamosi duka la Majok, lililo kando ya barabara kuu ya Lodwar, hujaa wateja hadi barazani. Huuzwa humo paneli za sola, betri, redio, chaja na kebo za kompyuta zilizoning'inizwa kwenye misumari. Jumamosi hiyo foleni ilikuwa imekwama, na aliyeikwamisha alikuwa msichana mrefu aliyevaa gauni la kitenge cha samawati chenye maua ya manjano, nywele zake zimesukwa mistari myembamba iliyoishia kisogoni. Mbele yake palikuwa na rundo la kebo. Alichukua moja, akachomeka ncha zake mbili katika kipimo kidogo alichokuja nacho, akatazama taa, akaiweka kando, akachukua nyingine.

Nyuma yake alisimama Lotiir Ekidor katika shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vya mikono vimefungwa licha ya lile joto. Shule ya bweni ilimfunza kuvaa nadhifu na kutochelewa, na hakuna hata moja kati ya hayo aliloliacha. Alivumilia kadiri alivyoweza.

"Dada," akasema hatimaye, "unanunua kebo au unaichumbia?"

Watu wakacheka. Msichana hakugeuka.

"Kama ungekuwa uchumba, kaka, ningeichunguza zaidi ya hivi."

"Zote zimetoka katika katoni moja. Ukipima moja umezipima zote."

"Hii imekufa, na imetoka katoni hiyohiyo." Akageuka, akamkabidhi ile kebo kwa heshima iliyozidi kiasi. "Chukua wewe, maana unaiamini."

"Lotiir, leo umepatikana!" Majok akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta.

Msichana alimtazama upya. "Lotiir? Wa kituo cha kompyuta cha hapa Lodwar? Yule anayezizungukia mashine moja baada ya nyingine kama daktari wa wodi?"

"Na wewe ni nani unayezijua habari zangu?"

"Sylviane. Wa kituo cha Kakuma."

Naye Lotiir akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Shirika lililowaajiri wote wawili lilikuwa na vituo vya masomo ya kompyuta Lodwar, Kakuma na Kalobeyei. Yeye alikuwa fundi mkuu, na ndiye aliyeandika sheria za mafundi. Sylviane alikuwa mgeni kazini, na kwa muda walikuwa wakibishana kwa barua pepe pasipo kuonana.

"Kumbe ndiwe unayetaka kuziandikia mashine insha!"

"Ndimi. Na ruhusa yangu ya kutoka kambini inaisha kesho. Ukitaka kubishana, bishana haraka."

Walibishana mkahawani, juu ya samaki wa kukaanga aliyetoka ziwani Kataboi asubuhi hiyo. Sylviane alikula kwa vidole, na alipoeleza jambo alikiinua kidole kimoja hewani kama mwalimu.

"Wewe ukitaka mashine iwe na kitu, unaingia ndani yake na kuiamuru: fanya hiki, kisha hiki. Mimi naandika jinsi mashine inavyopaswa kuwa. Programu inasoma maelezo yangu, inailinganisha mashine na maelezo, inarekebisha panapopungua."

"Hiyo ni orodha ya mipangilio tu. Hata mimi ninazo orodha."

"Si orodha. Ni lugha kamili ya programu, ile ambayo ungeweza kuiandikia mchezo, au hesabu za hospitali. Kila kitu ndani yake ni fankisheni, kama zile za hisabati ulizosoma huko bwenini kwako. Ninaipa jina la kituo na idadi ya wanafunzi, inanirudishia kituo kizima: seva, mtandao, akaunti. Nikiipa vilevile mwakani, itanirudishia vilevile. Na nikikosea kuandika, mara nyingi inanikatalia hapo mezani, kabla kosa halijafika mashineni."

"Na fundi, kazi yake inabaki nini?"

"Kuandika. Sharti ni moja tu: hakuna anayeingiza mkono mashineni. Ukitaka badiliko, liandike, mwenzako alisome, ndipo liende."

"Hata fundi anayeaminika?"

"Huyo ndiye hasa. Asiyeaminika hatumpi funguo."

Lotiir alicheka, akaagiza chai nyingine ambayo hakuihitaji. Alimsindikiza hadi mlango wa hosteli ya masista alikofikia, akaagana naye kwa mkono, na akarudi nyumbani akiwa amesahau kununua kilichompeleka dukani.

Kuanzia hapo barua pepe zilipungua na simu zikaongezeka. Akai, aliyefanya kazi meza moja na Lotiir, aliyasikia mengi asiyotaka kuyasikia.

"Ejok, daktari wangu wa wodi?" Sauti ya Sylviane ilijaa simuni.

"Ejok nooi, mzima kabisa. Umejifunza Kiturkana lini?"

"Jana. Ninakipima kabla ya kukinunua."

"Na mimi umeshanipima?"

"Ncha moja imewaka. Nyingine bado naichunguza, sheri wangu."

"Mwambie hiyo ncha ya pili inadaiwa soda yangu," Akai alidakia pale mezani. "Mapenzi ya saa za kazi yana kodi."

Lotiir alianza kwenda Kakuma kila alipopata sababu ya kikazi, na alikuwa mwangalifu kwamba sababu iwe ya kweli. Walitembea katika soko la kambi, kati ya vibanda vya kahawa vya Wahabeshi na maduka ya nguo ya Wasomali, yeye katika shati jeupe, Sylviane katika vitenge vyake ambavyo kila kimoja kilionekana kimepigwa pasi kwa hasira. Huko ndiko Sylviane alikomweleza kwa nini alikuwa mkali hivyo juu ya sharti lake.

"Nilipovuka mpaka nikiwa mdogo, pamoja na shangazi yangu, karani mmoja aliliona jina langu geni machoni pake. Alikuwa mtu mwema. Akadhani limeandikwa vibaya, akalirekebisha. Hakutuambia. Shangazi alipoitwa kwenda Kanada, mimi kwenye karatasi nilikuwa mtoto wa watu wengine." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayesoma ripoti. "Nilibaki na mjomba Baudouin, na sijakosa chochote kwake. Lakini mtu anayenirekebishia jambo bila kuniambia, Lotiir, siwezi. Afadhali anitukane."

"Nimekusikia," Lotiir akasema. Na kweli alikuwa amesikia.

Mkurugenzi wa vituo, Bi Chepkemoi, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliamua ubishi wa njia hizo mbili za kazi umalizwe kwa majaribio. Seva za Lodwar na Kakuma zingejengwa upya kutokana na maelezo ya Sylviane. Zikifanya kazi sawasawa mbele ya wageni wa bodi, Sylviane angepewa usimamizi wa mashine za vituo vyote. Zikishindwa, njia ya zamani ingerudi, naye angerudi kufundisha kuchapa. Kwa mkimbizi aliyesoma kwa taa ya sola hadi akaimiliki lugha ambayo Lodwar nzima hakuna aliyeijua, tofauti kati ya kazi hizo mbili haikuwa ndogo.

Wiki ya majaribio, Lotiir aligundua ugonjwa katika seva ya Lodwar. Mashine zile zilikuwa za msaada, na betri ndogo za saa zilizokuwa ndani yake zilikuwa zimechoka. Umeme ulipokatika na kurudi, mashine iliamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kompyuta inayodhani hivyo huvikataa vyeti vyote vya usalama, kwa kuwa inaviona havijatolewa bado. Wanafunzi hujaribu kuingia, nayo huwafungia nje. Dawa yake haikuwa ngumu: mashine iamriwe iulize saa sahihi kupitia modemu kwanza, ndipo ifungue mlango.

Aliishika simu ampigie Sylviane. Kisha akakumbuka sauti yake ya asubuhi, iliyokuwa imekauka kwa kazi, akakumbuka kwamba alikuwa amesema angepumzika mchana huo japo kidogo. Akaiweka simu chini. Akaingia katika seva kwa mkono, akaandika amri zake, akazima umeme, akawasha. Mlango ukafunguka. Akajiona amempa mpenzi wake zawadi, na uzuri wa zawadi hiyo, kwa maoni yake, ulikuwa katika Sylviane kutoijua. Palikuwa na upendo katika tendo hilo, na palikuwa na kiburi pia: furaha ya fundi wa zamani kuona kwamba mkono wake bado una kazi. Programu ya Sylviane haikuligusa badiliko lile, maana ilikagua tu yale iliyoambiwa.

Siku ya majaribio Bi Chepkemoi aliketi Kakuma pamoja na wageni, na Lodwar ikaonekana katika skrini ukutani. Sylviane alisimama mbele yao katika gauni jeupe lenye kola, mgongo umenyooka.

"Mashine hizi mbili zimetoka katika maelezo mamoja," alisema. "Hakuna mkono uliozigusa. Chochote kitakachotokea kwa moja kitatokea kwa nyingine."

Mgeni mmoja aliomba umeme ukatwe pande zote mbili, aone. Ukakatwa, ukarudishwa. Lodwar ikaamka, wanafunzi wakaingia. Kakuma ikaamka, ikamfungia nje kila mtu, hata Sylviane mwenyewe.

"Nini tofauti yake?" akauliza Bi Chepkemoi.

"Sijui bado, madam."

"Umesema ni moja."

"Nimesema hivyo."

Wageni waliandika, wakafunga kompyuta zao, wakaenda kula.

Simu ya Lotiir ililia kabla hajaondoka mezani pake huko Lodwar.

"Nijibu kwa neno moja," Sylviane akasema. "Uliigusa mashine ya Lodwar?"

"Sylvi, nisikilize kwanza."

"Neno moja."

"Niligusa."

Nyuma ya Sylviane zilisikika sauti za wanafunzi na jenereta.

"Nilikusaidia," Lotiir akaongeza. "Ulikuwa umechoka. Nilitaka upumzike."

"Ningepumzika vizuri kama ungenipigia. Umenifanya niseme uongo mbele ya watu wazima, na mimi mwenyewe sikujua kwamba ni uongo."

"Na tundu lilikuwa la nani? Maelezo ni yako. Tundu lilikuwa lako, mimi nikaliziba."

"Uliliziba kwako, ukaniachia la kwangu."

Hilo lilimwingia, na kwa sababu lilimwingia akajibu vibaya. "Basi tafuta fundi asiye na mikono."

"Aksanti," Sylviane akasema kwa adabu, na simu ikakatika.

Haikupigwa tena kutoka upande wowote. Lotiir alivaa mashati yake meupe, alifika kazini mapema, na hakumwambia mtu jambo lolote ambalo si la kazi. Akai alimvumilia hadi uvumilivu ulipomwishia.

"Unajua Bi Chepkemoi amesema nini kule Kakuma? Kwamba lugha ile ni ya kubahatisha. Sylviane ataanza kufundisha kuchapa mwezi ujao."

"Lakini si lugha iliyokosea! Hajamwambia ni mimi?"

"Nilimuuliza. Amekataa kukutaja. Amesema mwenye mkono ana mdomo." Akai aliinama tena juu ya kazi yake. "Ndugu yangu, mimi sijui fankisheni. Ninachojua ni kwamba wewe una kiti kizuri hapa na yule dada anapelekwa kwenye taipu kwa ajili yako."

Lotiir hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na mtu wa namna hiyo huchelewa kujitazama. Alipojitazama hakujihurumia. Aliifungua lugha ile aliyokuwa ameidharau, akajifunza kwa bidii ya mwanafunzi wa bweni anayengojea mtihani. Mara nyingi ilimkatalia. Alidhani inamdhihaki, kisha akaanza kuona kwamba kila ilipokataa ilikuwa na haki. Aliandika badiliko la saa, akaweka jina lake juu, akalipeleka kwa Sylviane lisomwe, kama sharti lilivyosema.

Jibu lilikuja bila salamu. "Nimesoma. Ndani yake umeandika Lodwar. Kwa nini Lodwar peke yake? Seva ya Kakuma haina saa? Nimekataa."

Akasoma tena alichokiandika, akaona aibu yake imelala pale wazi: hata katika kutubu alikuwa amejitengenezea kwake tu. Akaandika upya, akaifanya fankisheni ya kituo chochote, chenye jina lolote, ambacho seva yake huamka bila kujua wakati. Jibu la pili lilikuwa fupi zaidi. "Sawa. Linapita." Baada yake hapakuwa na neno lingine.

Linapita, lakini Bi Chepkemoi alikuwa ameshaamua, na badiliko zuri halikueleza kwa nini Lodwar ilikuwa imeamka siku ile. Lotiir akaomba siku ya ruhusa, akaenda Kakuma.

Aliwakuta wafanyakazi wote wameketi katika kikao cha Jumatatu, Sylviane karibu na dirisha katika kitenge cheusi chenye madoa meupe. Hakumtazama. Bi Chepkemoi alimwonyesha kiti, lakini Lotiir hakuketi.

"Madam, nimekuja kusema jambo, na naomba nilisemee hapahapa. Kabla ya majaribio niliingia katika seva ya Lodwar kwa mkono, nikabadilisha jinsi inavyopata saa. Sikuomba ruhusa na sikumwambia Sylviane. Maelezo yake yalikuwa na upungufu mmoja ambao majaribio yangeuonyesha pande zote mbili, naye angeurekebisha mahali pamoja. Mimi niliuficha upande mmoja. Alipowaambia wageni kwamba hakuna mkono uliogusa, alikuwa anawaambia alichokijua. Mwongo hakuwa yeye."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Sheria ya kutoingia mashineni bila idhini," Bi Chepkemoi akasema, "nani aliiandika?"

"Mimi, madam."

"Na adhabu yake?"

"Niliiandika pia."

"Basi huhitaji nikusomee. Kuanzia leo huna funguo za seva yoyote. Utaandika mabadiliko kama wengine, na atakayeyasoma ni Sylviane." Akamgeukia Sylviane. "Wageni hawawezi kurudi upesi, lakini mimi nipo. Pale stoo pana kompyuta ya msaada kama hizo nyingine, haijawahi kuwashwa hapa. Iite kituo cha Kalobeyei. Ijenge kwa maelezo yako na hili badiliko lake, mbele yangu, asiiguse mtu."

Ilijengwa. Kazi ilikuwa ya kutazama maandishi yakipita katika skrini, na Bi Chepkemoi aliyatazama yote bila kuondoka. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, akauchomoa waya wa umeme, akanywa maji, akauchomeka. Mashine ikaamka, ikauliza saa, ikangoja jibu, ikafungua mlango. Akaingia kwa akaunti ya mwanafunzi, akatoka, akaingia tena.

"Vizuri," alisema. "Bodi nitaiandikia mimi. Sylviane, vituo vyote ni vyako."

Lotiir alitoka uani bila kungoja pongezi ambazo hazikuwa zake. Alikuwa amefika langoni Sylviane alipomwita.

"Lotiir."

Akasimama.

"Unaenda wapi na vumbi lote hilo la viatu?"

"Lodwar. Nilichokuja kufanya nimekifanya."

"Kwa hiyo ulikuja kwa ajili ya kazi tu?"

"Nilikuja kusema ukweli. Sikutaka ukweli uchanganywe na ombi, ionekane kama nanunua kitu."

Sylviane alifikiri. Upepo ulikipeperusha kitenge chake, naye akakishika kwa mkono mmoja.

"Sasa umeshausema. Kama ombi lipo, liko wapi?"

"Lipo." Lotiir alijikuta hajui aweke wapi mikono yake. "Nilikuumiza pale palepale uliponionyesha kwamba panauma. Sitakuahidi kwamba sitakosea. Ninaahidi kwamba nikikosea utasikia kwangu kwanza. Ninataka kukuoa, Sylviane, kama bado unaona mtu wa kukuoa ndani yangu."

"Una maneno mazuri kwa mtu aliyenyang'anywa funguo."

"Ndiyo yaliyobaki."

Alicheka, kwa shida, kisha kwa urahisi. "Sijakujibu. Njoo kanisani kwetu Kalobeyei Jumapili, misa ikiisha uje nyumbani kwa mjomba. Usije peke yako. Kwetu mwanamke hajibu langoni."

Jumapili Lotiir alifika kwa mjomba na baba yake, Mzee Ekidor, aliyetoka kijijini Lopur alfajiri, mifugo yake ameiachia majirani. Mzee alivaa shuka safi na kofia yenye unyoya, mkononi ameshika fimbo na kigoda chake cha ekicholong, ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho popote. Akai alikuja kama mkalimani, kwa kuwa haikufaa mwenye haja ajifasirie mwenyewe. Mjomba Baudouin aliwapokea barazani kwa suti ya kahawia. Wote walikaribishwa viti, na wote waliketi isipokuwa Mzee Ekidor.

"Papa, kaa basi," Baudouin akasihi.

Akai akafasiri jibu: "Anasema anashukuru. Atakaa akishajua amefika nyumba gani, ya wakwe au ya wageni."

Baudouin aliitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilielewa bila mkalimani. Akamwita mpwa wake. Sylviane akatoka ndani akiwa amevaa kitenge cha zambarau na kilemba cha kitambaa hichohicho, akasimama mbele ya wazee wawili, macho hakuyainamisha.

"Mama," Baudouin akasema, kama watu wa kwao wanavyowaita mabinti zao kwa heshima, "hawa watu wanasema mutoto wao anakutaka. Mimi sijui mambo yenu ya makompyuta. Ninauliza ile tunaulizaka siku zote. Huyu muntu, unamujua?"

"Ninamjua, mjomba."

"Unamujua namna gani?"

Walio wengi hujibu swali hilo kwa kuinamisha kichwa na kucheka kidogo. Sylviane alijibu kwa sauti iliyofika hadi uzio wa jirani.

"Huyu ndiye aliyeingiza mkono katika kazi yangu bila kuniambia, ikaanguka mbele ya wageni. Na ndiye aliyesafiri hadi Kakuma akayasema hayo mwenyewe mbele ya wenzangu, akijua kitakachompata. Ninamjua kwa yote mawili, na ninamkubali kwa yote mawili."

Akai alifasiri polepole, hakupunguza neno. Mzee Ekidor alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mwanawe, akamuuliza kwa Kiturkana kama ndivyo.

"Ndivyo, baba," Lotiir akajibu.

Mzee akakiweka kigoda chake chini, karibu na kiti cha Baudouin, akaketi.